Mstari wa Saba

Mtu akikaa na maneno miaka kumi na tisa huanza kuamini kwamba anazijua na shughuli zenyewe. Ndivyo alivyokuwa mfasiri huyu. Spana hakuwahi kuishika, balbu ikiungua alimwita jirani, lakini vitabu vya maelekezo ya mitambo alikuwa ametafsiri chungu nzima, na kila kimoja kilipomtoka mikononi alijiona fundi. Nyumbani walimwita Kamusi, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Yeye alilipokea jina lile kana kwamba lote ni heshima.

Kazi ya mwezi ule ilikuwa kitabu cha mashine ya kukamua nguo. Ilitoka kiwanda cha kufulia kilicho ng'ambo ya reli, ambako mashuka ya hospitali na ya hoteli huletwa kwa malori. Mdogo wake alikuwa mfanyakazi wa pale, na ndiye aliyemnong'oneza msimamizi kwamba asihangaike kutafuta mtu, dada yake anaiweza. Huyu mdogo mtu walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na dada akamlea yeye, akamwogesha, akampeleka shule, akamchapa pale alipostahili. Sasa Kitinda alikuwa na miaka ishirini na miwili na imani moja isiyotikisika: dada akisema jambo, limesemwa, akiliandika, limekwisha.

Kitabu chenyewe kilimfurahisha mfasiri na kumkera kwa pamoja, kwa sababu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza, rotate. Kilikuwa kila mahali. Pipa la mashine linapozunguka, ni hicho. Kishikio kinapogeuzwa, ni hicho hicho. Mikanda ihamishwe nafasi kila miezi mitatu, wa mbele uwe wa nyuma, hicho hicho. Wafanyakazi wapokezane kwenye mashine kila baada ya saa mbili wasije wakachoka, hicho hicho tena. Alikata vikadi vya karatasi ngumu, akaandika juu ya kila kimoja tendo lake: zunguka, zungusha, geuza, hamisha, pokezana. Usiku mmoja mzima alibishana na nafsi yake kama pipa lililokwisha kuzimwa lakini bado halijatulia lisemwe linazunguka au linajizungukia. Alimwambia Kitinda kwamba Kiingereza ni mama mwenye sufuria moja, chai humo, mboga humo, na maji ya kuoga humo. Kitinda alicheka mpaka akapaliwa.

Mbali na kitabu, msimamizi alitaka kibao cha kutundika ukutani juu ya mashine, chenye maelekezo mafupi. Kwenye kitabu maelekezo hayo yalikuwa mistari tisa. Fundi wa mabango alipima kwa shubiri, akasema kibao kitabeba minane. Wa tisa ukiingia, herufi zitakuwa kama chawa na hakuna atakayezisoma. Mfasiri aliiangalia mistari yake tisa. Wa sita ulisema: subiri injini inyamaze. Wa saba ulisema: subiri pipa liache kuzunguka. Akatabasamu. Alikuwa amefanya kazi hii muda mrefu kiasi cha kujua kwamba wenye vitabu hivi hupenda kusema jambo moja mara mbili, kama wazee kwenye kikao. Akachukua kalamu nyekundu, akaukata wa saba, akapanga namba upya. Wa nane, fungua kifuniko, ukawa wa saba. Wa tisa, toa nguo, ukawa wa nane. Kibao kikakaa vizuri, na fundi akamsifu kwamba anajua kubana maneno.

Kilitundikwa Jumatatu asubuhi. Siku hiyo hiyo mashine ilianza kazi, na Kitinda ndiye aliyechaguliwa kuisimamia, kwa kuwa ndiye aliyeweza kukisoma kibao bila kukwama. Alipotoka nyumbani alikuwa amevimba kichwa kwa furaha.

Saa saba unusu mchana mfasiri alikuwa ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na umeme ukakatika. Hakushangaa, maana wiki ile ulikuwa unakatika na kurudi. Taa ya meza ilizima. Redio ya muuza vitambaa chini ikanyamaza katikati ya neno. Alijinyoosha, akaegemea kiti, akatazama juu.

Feni ya darini ilikuwa bado inazunguka.

Aliitazama kwa starehe, kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani. Akajiuliza hii nayo angeiandikia kitenzi gani kwenye vikadi vyake. Mapanga yalikuwa yanakwenda bila sauti yoyote, bila kitu cha kuyasukuma, na upepo wake ulimfikia usoni vilevile. Akahesabu mizunguko kumi, ishirini. Injini imenyamaza, alijisemea, na feni yenyewe bado inajizungukia.

Hapo akaacha kuhesabu.

Alikishika kile kitabu, kilichokuwa bado mezani, akaupekua ukurasa wa nyuma wenye tahadhari. Aliutafsiri mwenyewe ukurasa ule wiki mbili zilizopita. Pipa huendelea kuzunguka hadi dakika nne baada ya injini kuzimwa. Kifuniko cha aina hii hakina komeo la kujifunga. Mkono ukiingizwa pipa likiwa katika mwendo, nguo huusokota na kuung'oa. Hilo neno kusokota alilifurahia sana alipolipata. Alikumbuka kwamba alijipikia chai kusherehekea. Neno alilipata, mkono hakuuona. Sasa aliuona, na ulikuwa mkono wa Kitinda, wenye kovu dogo la maji ya moto kwenye kidole gumba.

Umeme ulirudi. Redio chini ikaendelea. Mfasiri alikuwa tayari ameshika simu.

Simu ya Kitinda ililia bila kupokelewa, na hilo alilijua, maana pale kiwandani simu hukusanywa mlangoni asubuhi na kutiwa kabatini. Akampigia msimamizi. Huyu alipokea akiwa makao makuu, kwenye kikao, akinong'ona. Mfasiri alijaribu kueleza na maneno yakamgongana. Yeye ambaye maneno ndiyo mtaji wake. Alisema kuna kosa kwenye kibao, isimamisheni mashine. Msimamizi alicheka kidogo kwa upole wa mtu mwenye haraka.

"Kibao ni kizuri sana, dada," alisema. "Wanakifuata neno kwa neno. Nikirudi saa tisa tutazungumza."

Akakata. Mfasiri alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Neno kwa neno. Alishuka ngazi na kitabu mkononi, hata mlango hakuufunga, akatoka mbio mguu niponye. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mnene kiasi, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa shuleni. Alipita karibu na kiwanda cha uchapaji, akapita wauza vipuri, akasimamishwa na treni ya mizigo iliyokuwa inavuta mabehewa yake polepole. Alisimama pale kwenye kizuizi. Magurudumu yalipita mbele yake, mamia kwa mamia, na kila moja lilizunguka. Alitamani kuyafumba macho, akashindwa.

Njia nzima alikuwa anapiga hesabu. Mzigo mmoja wa mashuka hukamuliwa dakika ishirini. Tangu saa mbili asubuhi, toa muda wa chakula, mashine imekwisha kufunguliwa mara kumi na kitu. Mara kumi na kitu Kitinda amekisoma kibao, amebonyeza kitufe chekundu, amesubiri injini inyamaze, amefungua. Basi ama mambo yalikwisha kuharibika na hakuna aliyemjulisha, ama kuna jambo ambalo halielewi. Yote mawili yalimkata maini. Kila alipodhani anasikia king'ora cha gari la wagonjwa, lilikuwa gari tu la kawaida.

Mlinzi wa getini alikuwa mtu wa utaratibu. Alimwamkia, akamwambia apumzike kwanza, maana anahema vibaya, kisha akafungua daftari la wageni.

"Nataka kumwona mdogo wangu, sasa hivi," mfasiri alisema.

Mlinzi alisema hakuna neno, ataonana naye, ila kwanza jina, namba ya kitambulisho, anakotoka na sababu ya kuja. Aliandika kwa herufi kubwa nzuri, akitoa ulimi pembeni. Alipofika kwenye sababu ya kuja akainua uso na kungoja. Kutoka ndani ya kiwanda ulikuwa unakuja mngurumo mkubwa wa mashine zote, na mfasiri aliusikiliza kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa. Maadamu unanguruma, alijiambia, injini haijanyamaza.

Kisha umeme ukakatika tena.

Mngurumo ulishuka, ukafa. Ukimya uliofuata ulikuwa mzito hata mlinzi akaweka kalamu chini. Mfasiri alimpita kwa bega. Akasikia anaitwa nyuma, mama, mama, hujatia saini, lakini yeye alikuwa amekwisha kuingia uani. Mlangoni mwa ukumbi alipishana na bibi mmoja mwembamba aliyekuwa anatoka kwa haraka na funguo kubwa mkononi. Alimfahamu kwa masimulizi ya Kitinda. Ni Bi Mvuke, mzee kuliko wote pale, ambaye umeme ukikatika lazima akimbilie nyuma kufunga mabomba ya mvuke. Bibi alimtazama mara moja, kama aliyeiona sura ya Kitinda usoni mwake, akasema, "Mwahi mwenzio," akapita.

Ukumbi ulikuwa mrefu, na mwanga ulitoka kwenye madirisha ya juu tu. Wafanyakazi wengi walikuwa wametokea mlango wa upande kupunga hewa. Mwisho kabisa, chini ya kibao cheupe chenye herufi nzuri, alisimama Kitinda peke yake mbele ya mashine. Alikuwa anasoma. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa sita. Akatega sikio, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akateremsha kidole hadi wa saba. Akafungua kifuniko.

Mfasiri alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kupiga ukelele. Akaizuia. Kitinda alikuwa mtu wa kushtuka. Ukimwita ghafla huruka mzima mzima na kukamata chochote kilicho karibu. Na sasa kilichokuwa karibu naye ni ukingo wa pipa. Mfasiri alivua viatu kwa sababu sakafu ilikuwa na maji na ya utelezi, akaanza kutembea. Hatua ishirini hivi. Alipitia kati ya matoroli ya mashuka machafu, roho mkononi, mdomo wazi, bila sauti. Alimwona mdogo wake anainama. Alimwona anatabasamu kidogo na kufumba macho, kama mtu aliyepata kahewa siku ya joto. Kisha akayafumbua, akakunja mkono wa nguo mpaka kwenye kiwiko, na kuunyoosha mkono kuelekea ndani.

Mfasiri alimdaka mikanda ya aproni kwa nyuma akamvuta kwa nguvu zake zote. Walianguka wote wawili kwenye maji, dada chini na mdogo juu.

Kitinda aliinuka kwa hasira. Aproni ilikuwa imechanika, na wenzake walikuwa wameanza kuchungulia mlangoni. Aliuliza dada ana nini, mbona anamwaibisha kazini siku yake ya kwanza kwenye mashine. Mfasiri alimshika mkono, ule wenye kovu, akaubana kifuani.

"Mashine imezima, dada," Kitinda alisema. "Si umeandika mwenyewe? Tazama, nguo zimetulia."

Na kweli ukichungulia zilionekana zimetulia. Mashuka meupe yalikuwa yamebanwa ukutani mwa pipa pande zote, laini, bila mkunjo wala doa, na jicho halikuwa na pa kushika ili lijue kama yanakwenda au yamesimama. Mashine ilikuwa mpya na haikutoa sauti. Mfasiri alijikongoja akasimama, akakichukua kitabu chake kilichokuwa kimeloa sakafuni, akakitupa ndani ya pipa.

Kilitoweka. Ilisikika sauti kavu, kama tawi linalokatwa, kisha vipande vya karatasi vikaruka juu na kushuka juu ya vichwa vyao. Jalada gumu lilibaki limekunjwa mara nne kati ya shuka na shuka, na sasa, kwa kuwa kulikuwa na kitu cheusi cha kufuata kwa macho, kila mtu aliliona pipa linavyokimbia.

Walilitazama mpaka likapunguza, likasita, likasimama. Kitinda aliugeuza mkono wake, akautazama kiganjani na mgongoni, kisha akauficha kwapani.

"Nilisikia upepo," alisema taratibu. "Nikasema afadhali, joto limezidi."

Mfasiri alimweleza yote. Kwamba mistari ilikuwa tisa. Kwamba kibao kilibeba minane. Kwamba aliona miwili inafanana. Alisema aliukata yeye, kwa kalamu yake, na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Aliposema hayo machozi yalimtoka na hakujaribu kuyafuta. Kisha akauliza swali alilokimbia nalo njia nzima, kwamba asubuhi yote ilikuwaje, na mara zile nyingine alifunguaje.

Kitinda alifikiri. Alisema kila alipozima injini tu, Bi Mvuke alimwita. Mara amsaidie kushika shuka, mara amtafutie kijiti, mara amtazame jichoni kama kumeingia uchafu. Umeme ulipokatika mara ya kwanza yeye alikuwa kwenye chakula. Alianza hata kuchukia. Alikuwa amekusudia kumshtaki kwa msimamizi kwamba bibi anampotezea muda.

Bi Mvuke alikuwa amerudi na kusimama nyuma yao, funguo zikimning'inia. Walipomgeukia aliinamisha macho kama mtu aliyefumaniwa.

"Mimi kusoma sijui, mwanangu," alimwambia mfasiri. "Nimekaa na mashine za namna hii miaka thelathini na najua haziguswi upesi. Lakini huyu anasema dada yake ameandika. Nikasema labda mliosoma mmeona kitu mimi sikioni. Nitakuwa nani niseme kibao kimekosea? Basi nikawa namwita tu. Shuka zenyewe zilikuwa zimeshakunjwa."

Mfasiri alipiga magoti pale pale kwenye maji kumshukuru, na bibi akamwinua kwa kumkemea kwamba nguo zitaharibika. Mtu mmoja alileta kiti. Mwingine akapanda juu ya toroli, akakiangua kibao, akakiegemeza ukutani maandishi yakiwa yameelekea ndani. Hofu ilianza kumtoka mfasiri kidogo kidogo, ikimwachia ubaridi mwilini. Mtoto ni mzima. Mikono yote miwili ipo. Alijirudia hivyo mara kadhaa, na akaanza hata kuamini kwamba siku imekwisha salama.

Kitinda alikuwa amekaa juu ya furushi la mashuka akimtazama. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na uso ambao dada hakuwahi kuuona, uso wa mtu anayemhesabu mwenzake upya.

"Dada," alisema. "Ile karatasi ya dawa ya kifafa ya watoto, si ni wewe uliyeitafsiri?"

"Ni mimi."

"Na ile iliyobandikwa kwenye lifti za hospitali? Na ya mitungi ya gesi?"

"Ni mimi."

"Huko nako ulikata mistari?"

Karatasi za dawa zilikuwa na nafasi ndogo kuliko zote, safu ya maandishi haikutakiwa kuzidi upana wa kidole, na wenye kampuni walimpenda mfasiri kwa sababu hakuna aliyejua kubana maneno kama yeye. Alijaribu kukumbuka mistari aliyoiona inafanana. Ilikuwa miaka kumi na tisa. Wafanyakazi wote walikuwa wanamngojea ajibu, na umeme ulikuwa haujarudi, na yeye hakukumbuka hata mmoja.